Mkono Mtupu wa Mama Munia

Sarayganj, 12 Aprili 1923

Baba Munia,

Nakugusa miguu kutoka huku mbali. Sisi hatujambo. Munia ameng'oka jino la mbele, sasa kila akisema anapiga mluzi. Mama mkwe kifua kinambana, ila ulimi wake haujaguswa na ugonjwa.

Joto limeanza. Hapa kwa Bwana Harcourt madirisha yanafungwa tangu asubuhi, na mtumishi mwenzangu mzee Dukhi anashinda akirushia maji mapazia ya nyasi ili nyumba ipoe. Mchana, mimi nikiwabembeleza watoto, memsahibu, mke wa Bwana, humsomea kitabu mdogo wake, Misi Edith, yule aliyekuja kutoka kwao majira ya baridi. Ni hadithi ya msichana wa Kizungu aliyepotea kwenye magofu. Mhindi mwenye macho yanayowaka kama makaa anamshika mkono, halafu anatokea afisa mwenye masharubu kumwokoa. Wanadhani siwaelewi. Miaka yote hii nawalelea watoto wao, nitakosaje kuelewa? Misi Edith alisisimka hadi akaomba shali, kwenye joto hili! Nilicheka moyoni. Nimeishi na Wahindi tangu kuzaliwa na sijaona mwenye macho ya makaa, ukiondoa wewe siku ya sikukuu ya Holi, ukiwa umelewa.

Nina ombi. Nataka kuacha kazi hii nirudi kijijini kwa mama. Usiniulize sababu. Hata ng'ombe wa kuzungusha kinu cha mafuta hufunguliwa akapumzika.

Jambo lingine, bangili zangu za kioo zimepoa, maana kutamka zimevunjika ni mkosi kwako. Niliteleza bafuni kwa watoto. Kesho nimemwita Shubrati muuza bangili aje anivishe nyingine, maana siwezi kukaa mkono mtupu kama mjane nawe u hai. Nijibu upesi juu ya kazi.

Mama Munia


Rangun, 27 Aprili 1923

Mama Munia wee,

Barua yako Bhola alinisomea mbele ya kambi nzima, kama kawaida yake, huku akiiga sauti yako. Uliposema macho ya makaa, wakanimwagia maji ya kunywa wanizime. Kwa hiyo sasa huku kiwandani jina langu ni Makaa. Asante sana, mke wangu.

Kuacha kazi? Sugiya, umepatwa na jua? Paa la mama limekaa kama kofia ya mlevi. Mimi huku napasua mbao za miti ya watu, mgongo wangu unalia kuliko msumeno. Yaya wa Wazungu anakula, anavaa, analala penye dari. Wangapi pale kijijini wangekupokonya nafasi hiyo kabla hujafika langoni? Vumilia mpaka mavuno.

Sasa tuje kwenye hilo la bangili. Mama naye ameandikisha barua kwa karani wa sokoni. Anasema Jumapili alikuona na bangili mpya za kijani mikono yote miwili, na sikukuu ya Tij, ya wake kuvaa bangili mpya, bado iko mbali. Anasema pia huyo huyo Shubrati amekamatwa na polisi kwa kumshika Misi wa Kizungu. Bhola alipofika hapo akapunguza sauti, lakini watu walishasikia. "Makaa, nani anamshika mkono mkeo?" Nilicheka nao, ila sahani ya wali niliiacha.

Mtu mwenye kazi ya kushika mikono ya wake za watu, mwisho wake ndio huo. Wewe kaa mbali na habari hizo.

Jhagru


Sarayganj, 9 Mei 1923

Baba Munia,

Ulichosikia sicho kilichotokea. Nilikuwepo, basi nisikilize mimi.

Siku ile Shubrati alikuja na kapu lake, tukakaa ngazi za varanda ya nyuma. Unamjua kwa domo, hajawahi kuvisha bangili bila kusema umbea wa mtaa mzima. Siku ile alinishika mkono, akatazama, akanyamaza. Alipaka mafuta taratibu, akanivisha, hakusema neno mpaka akamaliza.

Ndipo Misi Edith akatoka. "Na mimi, na mimi!" Akachagua nyekundu, zile ndogo. Shubrati akamwonyesha kwa vidole kwamba ni ndogo mno kwake, achukue kubwa. Hataki. Si unajua mambo yetu, bangili ikipwaya ni aibu, nzuri ni ile inayokaba. Misi alishayaona hayo mikononi mwetu. Basi Shubrati akaukunja mkono wake, kidole gumba ndani, akaanza kuuminya kama anavyotuminya sote. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikakwama kwenye fundo la mkono, Misi akapiga kelele, kioo kikavunjika, kikatoka kitone cha damu. Alikuwa analia huku anacheka. Ni mwanamke gani hakulia siku ya kwanza?

Bwana Harcourt akatokea nyuma ya pazia. Aliona mkono mweusi umeshika mkono mweupe, basi, hakuona kingine. Kapu lilirushwa uani, Shubrati akapigwa fimbo mpaka fimbo ikapasuka. Misi alimwambia shemeji yake, "Hapana, Frank, si hivyo," mara moja. Memsahibu akamvuta ndani. Jioni habari ilikuwa klabuni kwao, na kesho yake ilikuwa polisi, imeshakuwa jaribio la kumnajisi msichana wa Kizungu.

Baba Munia, nilikuwa napeleka chai inspekta alipokuja. Nilimsikia memsahibu akimwambia, "Macho yake yaliwaka kama makaa." Ni maneno ya kitabu! Hadithi walikuwa nayo tayari, walikosa mtu wa kumtia ndani. Na memsahibu mwenyewe hakuwepo varandani wakati wa kuvishwa, alikuja baadaye. Tena Shubrati ana makengeza, jicho moja linatazama Sarayganj, la pili Kanpur. Utawashaje makaa kwa macho hayo?

Bwana ametuita watumishi wote akasema hakuna aliyeona kitu. Wakili Tribhuvan Nath ameichukua kesi kumtetea Shubrati, naye anatafuta shahidi. Wa kusimama ni mimi tu. Bi Nasiban, mama yake Shubrati, alinikuta kisimani akanishika miguu, mtu mzima vile, mbele ya watu. Nilitamani ardhi inifunike.

Kesi ni katikati ya Juni. Wewe ni mume wangu. Nisimame au nisisimame?

Mama Munia


Rangun, 22 Mei 1923

Mama Munia,

Usisimame.

Sisemi hivyo kwa kuwa sina huruma. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mzungu akisema ng'ombe ametaga, kazi yako ni kuuliza mayai yawekwe wapi. Utafukuzwa, na Shubrati atafungwa vile vile. Utakuwa umepata nini?

Na nina langu. Sasa nakuuliza kama mume. Mwanamke akiteleza bafuni huvunja bangili za mkono mmoja, ule alioangukia. Mama anasema zako zilikuwa mpya mikono yote miwili. Ulianguka mara mbili? Kwa nini mlikaa varanda ya nyuma, si ya mbele? Kwa nini huyo mwanamume akutazame mkono anyamaze? Mimi mtu wa msumeno, lakini si mpumbavu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Huku kambini wameacha kunitania. Hilo ndilo linalonitisha.

Nijibu hilo kwanza, ya mahakama baadaye.

Jhagru


Sarayganj, 3 Juni 1923

Baba Munia,

Hii isome peke yako. Usimpe Bhola. Nimeandika herufi kubwa, moja moja, uweze kuzifuata kwa kidole.

Umeuliza kama mume, nakujibu kama mke. Sikuteleza.

Siku ile zilipovunjika, memsahibu na Misi walikwenda na watoto kunywa chai kwa padri. Mimi nilibaki kupiga pasi nguo za watoto. Bwana Harcourt alirudi mapema kutoka kwenye mfereji wa maji anaousimamia. Aliniita chumba cha watoto, nikadhani anatafuta kitu. Akafunga mlango. Nilimwambia hapana kwa lugha yake na kwa lugha yetu. Alinishika mikono yote miwili pamoja, juu ya kichwa, akanikandamiza ukutani. Ndiyo maana zilivunjika zote. Akaniingilia kwa nguvu. Vipande vilinichoma mimi, yeye havikumgusa. Halafu akaniambia nifagie vioo, watoto wasije wakajikata.

Nilifagia. Hilo linaniuma kuliko mengine, sijui kwa nini. Nilifagia vizuri, hata chini ya kitanda.

Shubrati aliona alama za vidole na mikato, ndipo akanyamaza. Tangu siku ile ni yeye peke yake aliyejua, na polisi wamempiga gerezani wakimuuliza alifuata nini kwenye nyumba ya Bwana, naye hajasema. Angesema, "Muulizeni yaya bangili zake zilivunjwa na nani," labda wangeogopa kidogo. Ameninyamazia. Unamshuku mtu huyo.

Sasa ona nilivyobanwa. Nikisimama kusema kwamba alikuja kufanya kazi yake tu, wataniuliza nani alimwita. Mimi. Kwa nini, na sikukuu haijafika? Zilivunjika. Zilivunjikaje? Ni swali lako hilo hilo, Baba Munia, na litaulizwa mbele ya mji mzima. Nikidanganya kwamba niliteleza, hata wao watauliza kama ulivyouliza wewe. Nikinyamaza, mtoto wa Bi Nasiban anapelekwa kufungwa visiwani ng'ambo na hatarudi.

Barua hii itakufikia kesi ikiwa imekwisha. Siombi ruhusa tena. Nimeona ni haki ulijue kwangu kabla hujalisikia kwa karani wa sokoni.

Mama Munia


Sarayganj, 18 Juni 1923

Baba Munia,

Nilisimama.

Misi Edith hakuletwa. Maelezo yake yalisomwa kwenye karatasi, kwa kuwa hakimu Mzungu alisema si heshima msichana kusimama mbele ya macho ya watu. Kunitazama mimi watu walipanda mpaka madirishani.

Nilieleza ya varandani. Wakili wa serikali akacheka, "Biashara gani ya halali inamliza mteja?" Tribhuvan Nath akasema, basi mahakama ione biashara yenyewe, mtu huyu avishe bangili hapa hapa, kwenye mkono mtupu. Akageuka kuomba mkono. Wanawake wote waliokuwapo wakajifunika mtandio mpaka kidevuni. Nani atakubali awe mkono mtupu na mumewe hai?

Nikaigonga mikono yangu kwenye mbao za kizimba, kulia na kushoto, bangili zote zikavunjika. Ukumbi ukaguta, "Hai Ram, Mungu wetu!" kana kwamba nimekuua pale pale. Kwa hilo nisamehe.

Wakamfungua Shubrati pingu. Amekonda, na meno mawili hayapo. Akaukunja mkono wangu akaukanda kama unga wa chapati. "Pumua, dada. Usiutazame, tazama mbali." Machozi yakanitoka yenyewe, na bangili ikapita. Hakimu alikuwa ameinama mbele kama mtoto kwenye mazingaombwe. Nilijua ameelewa.

Ndipo wakili wa serikali akauliza lile swali. Nikalijibu. Nilitaja chumba, nikataja saa, nikataja jina. Hakimu akagonga meza, halihusu kesi, lisiandikwe. Kalamu ya karani ikasimama hewani. Mimi sikukoma, nilisema mpaka mwisho, nikatazama upande alipokaa Bwana Harcourt. Alikuwa anafuta kofia yake kwa leso.

Shubrati hakuonekana na hatia ya kunajisi. Amefungwa miezi mitatu kwa kuingia ua wa Mzungu bila ruhusa ya mwenye nyumba. Mimi nilimruhusu, lakini mimi si mwenye nyumba.

Ile bangili moja ilivuliwa ikawekwa mezani kuwa kielelezo. Nilitoka hivyo hivyo, mikono mitupu, nikapita sokoni mpaka kijijini kumwona Munia. Mama mkwe alikuwa anapepeta dengu. Akaniona mikono, akarusha ungo. "Mwanangu! Rangun imemla mwanangu!" Nilipiga kelele kwamba u hai, lakini majirani walishaanza kulia, na anayelia hasikii. Kinyozi akatumwa kuwapasha habari ndugu zako vijiji vyote. Nilipofanikiwa kumweleza mama ukweli wote, alinitazama sana. Akasema, "Bora ungekuwa mjane." Akamwingiza Munia ndani.

Kazi sina. Nalala kwa Bi Nasiban, ila najipikia uani kwenye mafiga yangu, maana wao ni Waislamu.

Sugiya


Rangun, 9 Julai 1923

Mama Munia,

Mimi ni marehemu. Barua ya kijijini ilifika kwa msimamizi wa kiwanda, inaomba mifupa yangu itiwe kwenye mtungi na kupelekwa mto mtakatifu Ganga. Msimamizi akaniita nimtafutie mifupa ya Jhagru. Kambi nzima ilicheka mpaka wengine wakalala chini. Bhola hadi leo ananiita Marehemu Makaa. Nami nilicheka, kisha nikashindwa kuacha, wakaniondoa kazini siku hiyo.

Ile barua ya Juni niliisoma peke yangu nyuma ya marundo ya mbao. Ilinichukua muda, mimi na kidole changu. Nilitaka kumuua. Nikakumbuka kuna bahari kati yetu, nikaona nafuu, na kwa nafuu ile nikajichukia. Sikushuku tena wewe. Wala Shubrati.

Lakini Sugiya, tutaishi vipi? Nimewaza usiku na mchana. Binamu zangu wanasema nikuache. Mimi sitaki kukuacha. Basi nimepata njia. Sema ulitunga. Sema wakili alikufundisha uongo huo ili mtu wake apone, nawe ukaona huruma. Kila mtu anajua mawakili. Watu watakusamehe uongo, ukweli hawatakusamehe. Mama atakufungulia mlango, Munia ataolewa siku yake ikifika, nami nitaweza kurudi nikatembea sokoni.

Na vaa bangili upesi. Nitumie uzi wa kipimo cha mkono wako. Hapa kuna Mchina anauza za vioo, rangi ambazo Sarayganj hawajaziota. Nitazituma zifike kabla ya Tij, maneno yaishe.

Si ni neno moja tu? Nilitunga. Basi.

Mumeo, Jhagru


Sarayganj, 25 Julai 1923

Baba Munia,

Nimefurahi kwamba hutaki kuniacha. Niliisoma sentensi ile mara nyingi kabla ya kuendelea na zilizofuata.

Habari za huku. Bwana Harcourt amepewa mfereji mkubwa zaidi, wamehama. Misi Edith anarudishwa kwao. Gari lao lilipita nikiwa njiani na mtungi, akaniona. Ukingoni mwa glovu yake niliona ile bangili nyekundu iliyopita, ya kwanza. Hajaivua. Wala hakusema kitu, gari likaenda. Atazeeka nayo hadithi ile, na wajukuu wake wataambiwa ya macho ya makaa.

Sasa ona. Ya kwao ilitungwa, ikaandikwa, ikasomwa mahakamani wakati watu wamevua kofia. Yangu ilitokea, karani akainua kalamu. Na sasa wewe, mume wangu, unaniomba nimmalizie hakimu kazi yake. Sikutunga, Baba Munia. Hata ungenipa kalamu nisingejua kutunga mtu anayekuambia ufagie.

Juzi mama mkwe alikuja hapa na Munia. Hakuingia ndani kwa Waislamu, alikaa kizingitini, akaomba maji kwenye chombo changu akanywa. Mimi nilikuwa napanga kuni. Kwa muda mrefu alikuwa anamtafuta Munia chawa. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba alipokuwa msichana, kabla hajaolewa na baba yako, alivuna nili, majani ya rangi ya buluu, kwenye shamba la sahibu mmoja wa Kizungu. Akamgeuza Munia kichwa, akatafuta upande wa pili. Akasema, "Mimi sikuwa na wakili." Akafunga nywele za Munia, akaondoka peke yake. Munia ameniachia. Amelala hapa karibu yangu, anapiga mluzi usingizini.

Ukirudi, ukitaka kumwambia mama aseme naye alitunga, mwambie mwenyewe.

Uzi sitautuma. Bangili hazivaliwi kwa posta. Atakayenivisha itabidi aushike mkono huu, aukunje, azione alama zake, na nikilia asiuachie. Shubrati aliweza, na mimi si mke wala ndugu yake. Kama nawe unaweza, njoo. Kama huwezi, mwache huyo Mchina awauzie wengine.

Wiki hii wanawake wa kisimani wananiuliza, mikono mitupu hii, mumeo yu hai au amekufa? Nimewaambia bado sijajua.

Sugiya